Maswali ya kujisomea uuguzi: acheni kukariri herufi, njooni tuyachambue hapa

Zamu ya Usiku:

Wakuu habari za saa hizi. Kila baada ya siku mbili tatu mtu anaibuka anauliza nani ana maswali ya uuguzi na majibu yake amtumie, anatumiwa faili la maswali mia sita, anashukuru, anapotea, mtihani ukipita anarudi anasema walimu wana roho mbaya. Sicheki, maana na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nilikuwa na daftari nene la maswali nimelipitia mara tatu, ukinisomea maneno manne ya mwanzo nishakwambia C, na nilikuwa najiona nimeiva kweli kweli.

Sasa daftarini kulikuwa na swali la digoksini, ile dawa ya moyo, kwamba kabla hujampa mgonjwa unaanza na nini, jibu C, sikiliza mapigo kwenye kilele cha moyo dakika nzima, na kwa mtu mzima yakiwa chini ya 60 zuia dawa mjulishe daktari. Swali zuri, halina ubaya. Siku ya mtihani nikaona jina digoksini nikatabasamu, nikaweka C, nikageuza ukurasa. Nimekuja kulisoma vizuri siku ya kurudishiwa karatasi, lilikuwa hivi:

Mzee ambaye moyo wake hausukumi damu vizuri anatumia digoksini na furosemidi. Umeshahesabu mapigo ya kilele dakika nzima, ni 78. Tangu jana hataki kula, ana kichefuchefu, anasema taa anaziona zimezungukwa na njano. Potasiamu yake ni 2.9. Utafanya nini kwanza? A, mpe dozi kwa kuwa mapigo yamezidi 60. B, zuia dozi na umjulishe daktari. C, hesabu tena mapigo dakika nzima. D, mpe dawa ya kichefuchefu, digoksini uitoe baada ya nusu saa.

Yaani mapigo nimeshayahesabu, imeandikwa hapo hapo, halafu mimi najibu nihesabu tena 😅. Jibu ni B. Furosemidi inamkojolesha mzee na kwenye ule mkojo potasiamu inaondoka nayo, kawaida iwe 3.5 mpaka 5.0 huko, yeye yuko 2.9. Na digoksini inagombania sehemu moja na potasiamu kwenye ile pampu ya seli, potasiamu ikipungua dawa inapata nafasi ya kukaa kwa raha zake, kwa hiyo dozi ile ile aliyoimeza mwezi mzima bila shida leo inamlewesha. Kukataa chakula, kichefuchefu, kuona njano, ndiyo dawa inapiga hodi hiyo. Mapigo 78 hayajakwambia chochote cha kukutuliza.

Tangu siku hiyo nina mchezo wangu mmoja. Nikipata swali nafunika majibu kwa kiganja, najibu kwa maneno yangu kwanza, halafu nafunua. Nikishachagua sisogei mpaka nimetafuta kila jibu baya lilikuwa sahihi kwa mgonjwa gani. Kwa hilo la mzee, A ni ya mgonjwa mwenye mapigo 78, potasiamu 4.2 na anakula vizuri. C ni ya yule ambaye hujamgusa bado. D haina mgonjwa, hiyo imewekwa kumnasa mwenye haraka. Swali moja ukilifanyia hivyo umesoma wagonjwa watatu.

Wekeni maswali yenu tuyapasue. Sharti moja tu, usilete herufi peke yake.

Bingwa wa Desa:

Mada nzuri mkuu ila wewe unaongea kama mtu ambaye hana mtihani wiki tatu zijazo. Dawa, uzazi, watoto, upasuaji, afya ya akili, yote hayo niyakalie swali moja dakika ishirini? Mimi nasoma desa langu la maswali mara nne nalala. Mbona linaingia tu.

Zamu ya Usiku:

Linaingia ndiyo, shida ni kutoka. Kuna utafiti wa 2006 wa Roediger na Karpicke kule Marekani, wanafunzi walipewa kifungu wakisome, wengine wakarudia kukisoma, wengine wakafunga karatasi wakaandika wanachokumbuka. Wakipimwa baada ya dakika tano waliorudia kusoma wanaongoza. Wakipimwa baada ya siku mbili, na baada ya wiki, walioandika kutoka kichwani ndio wanaongoza. Sasa wewe unajipima dakika tano baada ya kufunga desa, lazima ujione bingwa. Na sikusema kila swali dakika ishirini. Kuna mambo ya kukariri tu na yaishe, mfano kipimo cha fahamu cha Glasgow, macho 4, maneno 5, misuli 6, juu kabisa ni 15 na chini kabisa ni 3, hakuna sifuri hata kwa aliyefariki. Hapo hakuna falsafa, kariri. Dakika ishirini peleka kwenye maswali ya "utafanya nini kwanza".

Mwaka wa Pili:

Samahani wakubwa zangu, mimi hesabu za dripu ndo zinaniua. Swali: mgonjwa aandikiwe lita moja ya salaini ndani ya saa 8, seti inatoa matone 20 kwa mililita, ni matone mangapi kwa dakika. Nimefanya 1000 mara 20 gawanya kwa 8 nimepata 2500. Kwenye majibu hakuna 2500, nimehangaika nalo tangu jana usiku

Bingwa wa Desa:

2500 kwa dakika hiyo siyo dripu ni bomba la kumwagilia bustani 😂😂

Zamu ya Usiku:

Mwache, kosa hilo kila mtu kalifanya. Dada, kanuni unayo sawasawa, umesahau tu kwamba umeulizwa kwa dakika ukagawanya kwa saa. Saa 8 ni dakika 480. Elfu moja mara 20 ni 20,000, gawanya kwa 480 unapata 41.7, unaandika 42. Lakini kilichonifurahisha ni hicho alichosema Bingwa hata kama ametania, jibu lilipaswa likushtue lenyewe. Ukipata namba, kabla ya kutafuta herufi, ione kichwani ikitokea. Matone 42 kwa dakika maana yake ukiishika saa yako pembeni ya kile kichupa cha matone ukahesabu sekunde 15 uone kama kumi au kumi na moja. Hilo jicho linaliona. Tone 2500 jicho halihesabu, hata maji yenyewe yangekuwa mstari tu.

Na ile seti ndogo ya watoto yenye matone 60 kwa mililita usiikokotoe kabisa, mililita kwa saa ndiyo matone kwa dakika, namba ile ile. Mililita 40 kwa saa, matone 40 kwa dakika. Sababu saa ina dakika 60 na mililita ina matone 60, zinakatana.

Mwaka wa Pili:

jamani!! mwaka mzima nimekuwa nikikokotoa ile ya 60 na kalkuleta. asante sana

Kisu na Pamba:

Mimi niko upande wa upasuaji na majeraha, naleta la kuungua, nione mko macho. Mtu mzima kilo 70, ameungua asilimia 30 ya mwili, ameungua saa mbili asubuhi, kafika kwenu saa nne asubuhi, njiani hakupewa maji yoyote. Daktari anataka mtumie kanuni ya Parkland ya maji ya aliyeungua, mililita 4 kwa kila kilo kwa kila asilimia iliyoungua, nusu yake ndani ya saa 8 za kwanza. Dripu mtaiweka mililita ngapi kwa saa?

Bingwa wa Desa:

Hii naijua nimelala nimeamka. 4 mara 70 mara 30 ni 8400. Nusu yake ni ya saa 8 za kwanza, 4200 gawanya 8, jibu 525. Leteni lingine.

Kisu na Pamba:

Ulilala kweli. Saa 8 zinahesabiwa tangu alipoungua, siyo tangu alipokuona wewe. Kaungua saa mbili, kwa hiyo zile 4200 ziwe zimeingia ifikapo saa kumi alasiri. Kafika saa nne, zimebaki saa 6. 4200 gawanya kwa 6 ni 700 kwa saa. Na 525 utaikuta kwenye majibu imekaa herufi B imependeza, waliotunga wanakujua kuliko unavyojijua.

Zamu ya Usiku:

Safi sana. Na hiyo 525 ina mgonjwa wake, ni yule aliyeungulia mlangoni kwenu. Naomba niongeze mawili. Pale walipoandika asilimia 30, wakikupa mwili ukokotoe mwenyewe kwa kanuni ya tisa, ile inayogawa mwili mafungu ya asilimia tisa tisa, sehemu iliyobaki nyekundu tu kama ya kuchomwa na jua haihesabiwi, watu wengi wanaingiza. Pili, hiyo namba ni ya kuanzia tu, siku hizi kuna miongozo inaanza na mililita 2 kwa mtu mzima badala ya 4, kwa hiyo soma swali limekwambia kanuni gani. Kinachokwambia maji yanatosha ni mkojo, mtu mzima kama nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, huyu wa kilo 70 ni 35 hivi kwa saa.

Bingwa wa Desa:

Sawa nimekubali, mmenipiga la uso. Ila nina swali ambalo nina uhakika wenye faili wamekosea na sijui nani wa kumuuliza. Unapokea zamu una wagonjwa wanne, unaanza kwa nani. Wa kwanza ana kisukari, sukari 3.1, anatoka jasho na anaongea vitu haviunganiki. Wa pili kafanyiwa upasuaji jana maumivu 8 kwa 10. Wa tatu ana ule ugonjwa sugu wa mapafu wa njia za hewa kuziba, yuko kwenye oksijeni lita 2, kipimo cha oksijeni cha kidole ni asilimia 90. Wa nne homa 38.4 antibayotiki yake imefika muda. Mimi nikaweka wa tatu, maana tunafundishwa njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, kwa mpangilio huo. Faili linasema wa kwanza. Sukari inaanzaje kumshinda mtu wa pumzi?

Zamu ya Usiku:

Faili liko sahihi mkuu, na hili ndilo swali linaloangusha watu waliosoma siyo wavivu. Mpangilio ule hausemi yeyote mwenye ugonjwa wa kifua anatangulia. Unauliza nani NJIA YA HEWA au PUMZI yake ina tatizo sasa hivi. Mgonjwa wa mapafu sugu wa namna hiyo mara nyingi tunataka awe 88 mpaka 92, huyo wa 90 yuko pale pale tunapotaka awepo, ukienda kumpandishia oksijeni afike 99 unaweza hata kumharibia. Yaani mtunzi kakuwekea ugonjwa wa kutisha na mgonjwa mwenye hali nzuri. Wa kwanza ubongo wake unakosa chakula unavyosoma hapa, jasho na kuchanganyikiwa ndiyo dalili zenyewe, baada ya hapo ni degedege na kupoteza fahamu, na hapo ndipo njia ya hewa itakuwa tatizo kweli.

Na swali la pili linalofuata huwa ni unampa nini. Angalia kama anaweza kumeza salama. Anaweza, mpe gramu 15 za sukari ya kufyonzwa haraka, rudi kupima baada ya dakika 15. Hawezi au umeshaanza kumpoteza, usimtie kitu mdomoni, ni glukosi ya mshipani au glukagoni, ile sindano ya kupandisha sukari. Jibu la kumpa kinywaji cha sukari na jibu la glukagoni yote ni sahihi, ya wagonjwa wawili, tofauti yao ni koo.

Mkunga Mstaafu:

Wanangu nimekaa pembeni nawasoma, nimefurahi. Miaka yangu ya kazi imeisha lakini mikono haijasahau. Naomba na mimi niweke langu.

Mama kapata kifafa cha mimba, amepewa dozi ya kwanza ya magneziamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, sasa zimetimia saa 4 na dozi ya kuendelea imefika. Anapumua mara 16 kwa dakika. Mkojo wa saa 4 ni mililita 130. Ukigonga goti halirushi mguu. Utafanya nini? A, mpe dozi, pumzi na mkojo viko sawa. B, usimpe, endelea kumwangalia kwa karibu na umjulishe daktari. C, mpe kalsiamu glukoneti mara moja. D, mpe nusu ya dozi.

Mwaka wa Pili:

Shikamoo bibi. Mimi nasema C kwa sababu goti kutoruka ni dalili ya sumu ya magneziamu na dawa yake ni kalsiamu glukoneti.

Mkunga Mstaafu:

Marahaba mwanangu. Umejua dalili na umejua dawa, umekosea mgonjwa. Jibu ni B. Magneziamu ikizidi kwanza inachukua goti, pumzi inakuja kuichukua baadaye. Ndiyo maana tunagonga goti, linatupa muda. Huyu goti limeondoka ila anapumua vizuri, mkojo umefika ile mililita 30 kwa saa tunayoitaka kwa hiyo mwili bado unaitoa dawa nje, sisi tunaacha kuongeza tu na tunakaa naye. Kalsiamu ni ya mama ambaye pumzi imeshuka, gramu 1, yaani mililita 10 za ile ya asilimia 10, polepole mshipani, na unamsaidia kupumua wakati huo huo. Sirinji yake inakaa karibu na kitanda tangu dozi ya kwanza, usije kuanza kuitafuta kabatini.

Niwaambie na kisa kimoja. Nilishapokea zamu usiku, chati imeandikwa vizuri kabisa, goti linaruka, saa mbili linaruka, saa tatu linaruka, saa nne linaruka, mwandiko mmoja wa kalamu moja. Nikaenda kwa mama nikakuta blanketi limekunjwa chini ya miguu yake vile vile alivyofunikwa akitoka chumba cha kujifungulia, mpira wa mkojo umepita juu yake, hakuna aliyeligusa. Nikaufunua mguu nikaweka mkono chini ya goti, nikagonga, kimya. Nikagonga la pili, kimya. Yule mwanafunzi hakuwa mtu mbaya, alikuwa amekariri kwamba jibu ni "linaruka". Mama alipona, dozi hatukumpa.

Zamu ya Usiku:

Bibi hapo umenisimamisha nywele. Asante.

Kisu na Pamba:

Mwandiko mmoja kalamu moja, hizo chati tunazijua 😶

Mwaka wa Pili:

Bibi kwa kuwa upo nina lingine la kwako. Nina mafaili mawili yana swali moja majibu tofauti. Mama amejifungua saa moja iliyopita, damu inatoka nyingi, mfuko wa uzazi ni laini na umesogea kulia juu ya kitovu. Kwanza? Faili moja linasema kanda mfuko, lingine linasema mwondoe mkojo kwenye kibofu. Niamini lipi

Mkunga Mstaafu:

Usiamini faili, iangalie damu. Mfuko laini na damu nyingi, mkono wako unaenda tumboni kukanda huku mdomo unaita msaada, kwa sababu mfuko uliolegea ndio unaovujisha na kukanda kunachukua sekunde moja kuanza. Kibofu kinafuata hapo hapo, kwa kuwa swali limekwambia mfuko umesogea kulia, maana yake kibofu kimejaa kinausukuma na hautashikamana mpaka kitolewe. Na oksitosini, dawa ya kukaza mfuko, inaandaliwa. Sasa yule wa faili la pili nadhani swali lake la asili lilikuwa mfuko mgumu, umesogea upande, damu ya kawaida. Huyo ndiyo unampeleka akojoe kwanza. Mtu alinakili akachanganya.

Zamu ya Usiku:

Hili la kunakili linahitaji uzi wake. Mafaili yanazunguka miaka, mtu anaongeza swali, anafuta neno moja, jibu linabaki la zamani. Nimeshaona moja limeandika kwamba potasiamu kloridi unaisukuma mshipani polepole kwa dakika tano. HAPANA. Potasiamu haisukumwi na sirinji mshipani kwa hali yoyote ile, unasimamisha moyo. Inachanganywa kwenye dripu, inakwenda taratibu, wodi ya kawaida kwa kawaida isizidi milimoli 10 kwa saa, na mkojo uwe unatoka. Swali lenye jibu kama hilo mtu akilikariri halafu akaenda nalo wodini, hiyo siyo kupoteza maksi tena.

Ndo maana nasema kila jibu lazima ulitetee kwa sababu yako mwenyewe. Sababu ikikataa kuja, fungua kitabu cha dawa, usifungue faili lingine.

Bingwa wa Desa:

Haya, nimejaribu huo mchezo wenu jana usiku. Maswali 12 badala ya 80 ninayofanyaga. Nilichogundua ni aibu, kuna maswali nilikuwa napata sahihi ila ukiniuliza kwa nini, sina. Kwa mfano bakteria wa kuharisha baada ya antibayotiki, yule Clostridioides difficile, zamani akiitwa Clostridium difficile, jibu nawe mikono kwa maji na sabuni, siku zote napata. Kwa nini siyo spiriti ya mikono ambayo ni ya haraka na kila kona ipo? Nilikaa kimya kama dakika tatu. Kumbe ana mbegu zake ngumu spiriti haiziui, maji na sabuni vinazitelezesha tu zinaondoka na maji. Na jibu la spiriti lina wagonjwa wake, karibu wodi nzima iliyobaki, mikono isipokuwa na uchafu unaoonekana.

Zamu ya Usiku:

Umeongoka 😂

Bingwa wa Desa:

Sijaongoka, nimepunguza.

Mwaka wa Pili:

Na mimi nimeamua kutunga langu mwenyewe, nimelitoa kwenye kitu nilichokiona nikiwa kwenye mafunzo wodini, msinicheke. Mgonjwa ameanza kuongezewa damu dakika 10 zilizopita, anatetemeka, anasema mgongo chini unamuuma. Kwanza? A, punguza kasi ya damu. B, simamisha damu. C, mpe parasetamoli. D, pima joto kisha umwite daktari.

Bingwa wa Desa:

B. Na sileti herufi peke yake leo. Kutetemeka na mgongo ndani ya dakika chache inanuka damu isiyoendana, kila tone linaongeza tatizo, ndo maana tunakaa na mgonjwa dakika 15 za mwanzo. A ni ya mzee anayehema kwa kuzidiwa maji. C ni ya yule aliyekuwa na homa ndogo kabla hata damu haijaja. D hiyo nitafanya ila damu ikiwa imeshasimama.

Kisu na Pamba:

Umejitahidi sana. Marekebisho kidogo kwa A, hata huyo mzee anayehema siku hizi salama zaidi ni kusimamisha, umkalishe wima, umwite daktari, kupunguza kasi tu ni jibu la kubahatisha. Ila mdogo wangu uliyetunga, swali lako limeisha mapema. Baada ya kusimamisha ndipo watu wanapoharibu. Wanafunga damu, wanafungua salaini kwenye mpira ule ule ili mshipa usizibe. Na ule mpira umejaa nini?

Mwaka wa Pili:

damu... 😳 kwa hiyo salaini inaisukuma yote ndani

Kisu na Pamba:

Ndiyo hivyo. Mpira mrefu ule una damu ya kutosha kabisa. Unabadilisha seti mpaka kwenye kanyula, kile kimrija kilichoingia mshipani, unaweka mpya na salaini yake, mfuko wa damu na mpira wake vinarudi maabara, na unahakiki tena jina la mgonjwa na namba ya mfuko.

Mwaka wa Pili:

Nilichokiona mimi ndicho hicho walifanya, salaini mpira ule ule, na nilidhani ndo sawa. Ngoja nilitunge upya.

Mgonjwa anaongezewa damu, ametetemeka na mgongo unamuuma, umeshafunga damu. Hatua inayofuata? A, rudisha mfuko wa damu maabara. B, fungua salaini ili mshipa usizibe. C, toa kanyula. D, ondoa mpira wa damu, unganisha mpira mpya wenye salaini kwenye kanyula.

Bingwa wa Desa:

B.

Hapana subiri.

D. Nimesoma B nikaona neno mshipa usizibe mkono ukaenda wenyewe. Umenipata dada, leta lingine.